Homa ya mtoto na sauti ya ndege wa usiku

Saa nne usiku, katika kijiji kimoja kati ya Ipinda na Matema, mtoto wa miaka mitatu mwili unamchemka. Nje, upande wa miti ya kokoa, ndege anaanza kulia. Bibi anasimama mlangoni, anasikiliza, kisha anasema ndege huyo hajaja bure. Mama aliyekwisha kumbeba mtoto anaambiwa akae kwanza, ndege afukuzwe.

Ndege huyo ni kirukanjia. Ana rangi ya majani makavu na urefu wa sentimita 23 hivi. Mdomo wake ni mdogo kwa kuutazama, lakini akiupanua anameza nondo mzima hewani. Mchana hulala chini, na mtu anaweza kumpita hatua mbili asimwone. Usiku macho yake huwaka mekundu kwenye taa ya bodaboda, ndiyo maana wengine huapa wameona kitu kingine kabisa.

Katika ukanda huo wa Ziwa Nyasa wapo viumbe wawili wanaochanganywa chini ya jina hilo moja, na anayetaka kuwatofautisha aamini sikio kabla ya jicho. Mwenye shingo nyekundu hupiga filimbi ya kutetemeka, inayopanda kisha ikashuka kama mtu anayeomba jambo. Huyu hupenda penye miti. Mwenye mkia wa mraba hapigi filimbi. Hunguruma mfululizo, kama mashine ya kukoboa mpunga iliyo mbali, na katikati sauti hubadilika kama injini iliyobadilishwa gia. Yeye hupenda uwazi, hasa mchanga wa karibu na maji, na hukaa barabarani.

Wakiruka, dume wa mkia wa mraba huonyesha weupe pembeni mwa mkia wote, toka juu hadi chini. Kwa dume wa shingo nyekundu weupe uko kwenye ncha za pembeni tu. Majike ni kazi zaidi, kwani weupe wao umefifia.

Hofu ya bibi haikuzaliwa Kyela. Pliny, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba ndege wa aina hii huingia mazizini usiku kunyonya mbuzi, na mbuzi wakapofuka. Jina lake la kisayansi hadi leo maana yake ni mnyonya mbuzi. Hajawahi kunyonya mbuzi yeyote.

Anacholilia ni jike na mipaka ya eneo lake. Mwenye shingo nyekundu hulia zaidi wakati wa mbalamwezi, na mwanga huo humsaidia kuona wadudu. Hulia penye mgonjwa na pasipo na mgonjwa. Usiku ambao wote walilala salama hakuna anayeukumbuka.

Wapo pia wanaomsifu kupita kiasi, kwamba anamaliza mbu. Chakula chake hasa ni nondo, mbawakawa na kumbikumbi. Chandarua kibaki kitandani.

Homa ya mtoto mdogo inataka kipimo cha malaria ndani ya saa 24. Ni tone la damu ya kidole, na jibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20. Lakini mtoto akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au kunyonya, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, hakuna kusubiri kukuche.

Mtoto wa nyumba ile alipotapika hata maji, mama alifunga khanga upya.

“Mama, huyo ndege ataendelea kulia,” alimwambia mkwewe. “Mimi naenda.”

Bibi hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na shuka la kumfunika mjukuu.

Shemeji aliwasha pikipiki. Kabla ya kufika kituo cha afya, macho mawili mekundu yaliwaka katikati ya barabara. Akapunguza mwendo. Ndege akaruka, mkia ukiwa mweupe pembeni zote mbili, toka juu hadi chini.