Garimoshi la Nanyuki na mama wa Karatina

Jumapili hii nakuomba tutoke jikoni kidogo twende reli.

Ile ya kutoka Nairobi hadi Nanyuki waijua. Ilifika Thika mwaka 1913, na mwaka 1930 ikafika Nanyuki kwa kupitia Murang'a, Sagana, Karatina na Kiganjo. Baadaye ikaachwa. Magugu yakaota kati ya mataruma na vibanda vikasimamishwa kandokando. Mwaka 2020 wanajeshi, vijana wa NYS na Shirika la Reli waliifufua kwa shilingi bilioni 1.8 hivi, na Desemba mwaka huo abiria wakapanda tena kwa nauli ya shilingi 200. Ikiwa ulishangilia sikulaumu. Sote twajua nauli za matatu zinavyoruka wakati wa Krismasi.

Lakini hebu shika kalenda. Garimoshi hilo lilipangwa kupanda Ijumaa na kuteremka Jumapili. Soko la Karatina nalo hushamiri Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Basi mama aliyenunua kabichi na karoti Jumanne aje nazo Nairobi kwa nini? Ni lori au matatu, kama zamani. Yule wa Jumamosi naye itambidi alale na mzigo wake, kabichi zikinyauka. Ratiba hiyo ilimfaa mtu wa wikendi anayekwenda kuwaona wazazi au kuutazama Mlima Kenya. Simwonei kijicho, naye ni mwananchi. Ila nauli yake ya shilingi 200 haitarudisha mabilioni hayo! Reli hulishwa na mizigo mizito: viazi na mbao zikiteremka, saruji, mbolea na mafuta yakipanda. Kichwa kimoja huvuta shehena ya malori mengi, na hapo ndipo gharama ya kila gunia hupungua.

Kuna pia wale waliobomolewa vibanda ili reli ipite. Walikuwa wakilisha watoto pale. Mimi naona wao ndio wangepewa nafasi za kwanza za kuuza kwenye stesheni, kabla ya mgeni yeyote mwenye pesa.

Nyinyi akina mama wa Nyeri na Laikipia mlio katika vyama, nendeni pamoja kwa mkuu wa stesheni yenu, msiende mmoja mmoja. Mwulizeni: gunia la viazi hadi Nairobi ni pesa ngapi, na siku ya soko kuna behewa? Akiwajibu, niandikieni.