Jiografia ya Binadamu na Historia ya Magharibi Zisisomwe Mbalimbali

Katika shule za sekondari za Marekani, mwanafunzi aliyekwisha kuonyesha bidii huruhusiwa kuingia madarasa ya daraja la juu, ambayo mwisho wake ni mtihani wa shirika la College Board unaofanywa nchi nzima kila mwezi wa Mei na kupimwa kwa alama kutoka 1 hadi 5, na mwenye kupata alama njema huweza kusamehewa somo hilo atakapofika chuo kikuu. Miongoni mwa masomo hayo yamo mawili ambayo aghalabu humfikia mtoto kwa miaka tofauti: jiografia ya binadamu, iliyoanza kutahiniwa mwaka 2001, na ambayo wengi huisoma mara tu waingiapo sekondari, na historia ya Ulaya, ambayo huja mwaka mmoja au miwili baadaye. Watoto wa jamaa zetu wasemao Kiswahili, waliohamia huko kutoka Kongo, Burundi na pwani yetu hii, nao hukalia madawati hayo. Na wazazi wao, wanapofunua kitabu kizito kilichojaa wafalme wa Ufaransa na vita vya Wajerumani, huuliza swali lenye haki ya kujibiwa: haya yatamfaa nini mwanangu?

Mimi nasema yatamfaa sana, wala asiyakimbie. Mwalimu Julius Nyerere, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1955 kuitetea Tanganyika, alikuwa akizungumza na watu ambao historia yao aliifahamu barabara, na hoja zao alizijua kabla hawajazitamka. Ninalolilalamikia ni jambo jingine, nalo ni ule utaratibu wa kuyatenga masomo haya mawili, hata mtoto akajifunza mambo yaliyotendeka pasipo kujua mahali palipoyawezesha kutendeka, kisha akajifunza mahali bila ya kuambiwa nani alipafanya pakawa vile.

Tuitazame safari ya Vasco da Gama, ambayo hakuna kitabu cha historia ya Magharibi kisichoitaja. Aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498, pamoja na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, na kabla ya Mei kwisha alikuwa ametia nanga karibu na Calicut; bahari yote ile aliivuka kwa muda usiotimia wiki nne. Wakati wa kurudi hakungoja. Alitweka tanga kutoka India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika, na merikebu zake zikatangatanga kwa muda wa karibu miezi mitatu, mara shwari, mara upepo wa mbisho, mabaharia wakivimba ufizi kwa kiseyeye, wakafa wapatao 30. Na walipoiona pwani ya Afrika, Januari 1499, waliosalia walikuwa wachache mno, hata ikabidi merikebu moja, São Rafael, itiwe moto kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Mtoto anayesoma historia peke yake huuona hapo ushujaa na msiba. Anayesoma jiografia peke yake huonyeshwa mishale ya pepo katika ramani, akaikariri. Walakini akiyashika yote mawili kwa pamoja hutambua kwamba bahari ile ilikuwa na kalenda yake, ambayo kila nahodha wa Lamu, wa Sur na wa Gujarati aliijua tangu utotoni, na kwamba ule msimu wa kungoja upepo ndio uliowaweka wageni miezi kadha wa kadha katika bandari zetu, wakaoa, wakajenga, wakasali pamoja na wenyeji, wakaacha maneno yao katika lugha na viungo vyao katika vyungu. Jiografia ya binadamu huiita hali hii kuenea kwa utamaduni, na huitungia maswali ya mtihani. Lakini kisa chake chenyewe kimo katika kitabu cha somo jingine, na katika mwaka mwingine.

Mfano wa pili uko katika kitabu cha jiografia, mlango wa miji. Humo mwanafunzi huonyeshwa michoro miwili mashuhuri. Mmoja ni wa Ernest Burgess, aliyeueleza mji wa Chicago mwaka 1925 kwa duara zilizozungukana, biashara katikati, mafukara kando yake, na wenye nafasi mbali zaidi. Wa pili ni wa Harm de Blij, aliyeandika kitabu juu ya Dar es Salaam mwaka 1963 na kingine juu ya Mombasa mwaka 1968, kisha akachora sura ya mji wa Afrika: vitovu vitatu vya biashara, kimoja cha kikoloni, kimoja cha kienyeji na kimoja cha soko, vikizungukwa na mitaa ya makabila, na pembezoni kabisa vibanda vya wasio na hati. Mtoto huyakariri majina na kupaka rangi kila eneo, na katika nafsi yake hudhani kuwa miji huota hivyo yenyewe.

Sasa mwulize aliyekulia Dar es Salaam. Atakwambia kuwa kulikuwa na Uzunguni, na Uhindini, na Uswahilini, na kwamba baina ya mtaa na mtaa uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, na baada yao za Waingereza, ziligawa mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa kila upande, na kwa njia hiyo zikawagawa watu pasipo lazima ya kuwataja kwa rangi zao. Kariakoo yenyewe imepata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Na Chicago nako, hati za nyumba nyingi ziliandikwa masharti ya kutowauzia watu weusi, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba mahakama hazina ruhusa ya kuyatekeleza masharti ya namna hiyo. Kila mstari katika michoro ile una mkono wa mtu aliyeuchora, na kazi ya historia ni kumtaja.

Kuna pia suala la mwanzo. Somo la historia ya Ulaya huanzia yapata mwaka 1450, na kwa hivyo Toledo, ambako vitabu vya Kiarabu vilifasiriwa kwa Kilatini, na ramani aliyoikamilisha al-Idrisi mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme Roger wa Sicily, hubaki nje ya mlango. Mwaka 2018 College Board ilitangaza kwamba hata historia ya dunia itatahiniwa kuanzia 1450. Walimu na wanafunzi wakapinga kwa nguvu, na mwanzo ukarudishwa hadi 1200. Tofauti hiyo si ndogo kwetu. Ukianza 1450, Kilwa huingia kitabuni mwaka 1505 ili itekwe na Wareno tu. Ukianza 1200, msomaji huikuta ingali na neema yake, kama alivyoikuta Ibn Battuta mwaka 1331.

Najua kuwa walimu wamebanwa. Mtihani wa jiografia una maswali 60 ya kuchagua katika dakika 60, na mwendo huo haumpi mtu nafasi ya kusimulia habari za masharti ya hati za nyumba. Hata hivyo shule zina uwezo wa kuyaweka masomo haya mawili katika mwaka mmoja, na kuwapa walimu wake saa moja kwa wiki ya kufundisha pamoja mbele ya ramani moja. Mzazi anayeitwa shuleni kutia sahihi fomu ya masomo ya mwaka ujao na aliulize hilo, kwa Kiingereza chochote alicho nacho; na akijibiwa kuwa haiwezekani, aombe kuelezwa sababu.