Mtori Peke Yake Hautoshi



Juzi juzi sisi wa kikundi cha akina mama cha usharika tulipanda Machame kumwona mzazi. Kama ilivyo desturi yetu, tulibeba mkungu wa mchare na nyama. Jikoni tulikuta sufuria ya mtori tayari, na mama mkwe akihangaika huku na huku kwa upendo. Lakini mzazi mwenyewe alikuwa amegeukia ukutani, analia. Mtoto alikuwa na siku tatu.

"Sista, sina maziwa," aliniambia. "Mama ameshachemsha ya ng'ombe."

Chupa ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa safi. Sikumlaumu mama mkwe. Ni nani kati yetu anayeweza kusikia mjukuu akilia usiku kucha akakaa kimya?

Ndugu zangu, siku za kwanza titi halijai. Hutoa maziwa machache, mazito, ya njano, ambayo wengine bado huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na kwa tumbo lake dogo yanatosha. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne, kwa wengine huchelewa kidogo, nayo huja kwa sababu mtoto ananyonya. Mtori humpa mama nguvu (nami naupenda mno!), lakini hauwezi kufanya kazi ya kinywa cha mtoto. Mtoto aliyeshiba ya chupa hulala, titi halinyonywi, maziwa hupungua. Ndipo watu husema, "Mnaona? Hana."

Nilimwomba anyonyeshe nione. Chuchu zilikuwa zimechanika, maana mtoto alishika chuchu tupu. Tulimweka mama mto mgongoni, tukamgeuza mtoto tumbo lake liguse la mama, pua ikielekea chuchu. Tukangoja apanue kinywa sana, kisha tukamsogeza haraka akashika pamoja na ule weusi wa titi. Kidevu kiligusa titi, mdomo wa chini ukageukia nje. Mzazi alikunja uso, kisha akasema, "Haiumi kama jana."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Wa kwanza wangu nilimpa ya ng'ombe hivi hivi," alisema. "Akaharisha." Hakuendelea, nasi hatukuuliza.

Mnyonyeshe mtoto mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Paka matone ya maziwa yako kwenye chuchu zilizochanika. Titi likiwa gumu, kamua kidogo kwa mkono kwanza ili mtoto aweze kushika. Unataka kujua kama anapata? Hesabu mkojo: kuanzia siku ya tano, mara 6 au zaidi kwa siku. Lakini mtoto akilala mno asitake kunyonya, au macho yake yakiwa ya njano, au wewe ukiwa na homa na titi jekundu lenye maumivu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Titi hilo usiache kulinyonyesha.

Tuliomba pamoja, tukaondoka. Jumapili iliyofuata nilipita tena. Mtoto alikuwa ananyonya, na maziwa ya ng'ombe tuliyanywa sisi wageni kwenye chai.