Mpira Ukizama Mchangani, Piga Mchanga

Leo tunaingia mahali ambapo wachezaji gofu wengi wangependa wasipaone kabisa, nako ni katika lile shimo la mchanga ambalo wenyewe huliita banka.

Nitaanza kwa kisa changu mwenyewe. Jumamosi moja nilikuwa nikicheza hapa Nairobi, binti yangu wa miaka 13 akinifuata nyuma. Mkwaju wangu wa pili uliangukia banka lililo kando ya grini. Nikapiga, mpira ukagonga ukingo na kurudi miguuni pangu. Nikapiga tena, ukarudi vilevile. Mara ya tatu nikapandwa na hasira, nikaupiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ukapaa, ukavuka grini na kutua vichakani upande wa pili. Kedi aliyenibebea mkoba, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, akaniambia, "Mkubwa, unapigana na mpira bure. Mpira hauna makosa. Piga mchanga."

Maneno yake ndiyo somo letu la leo. Mpira ukiwa kwenye nyasi, fimbo huupiga mpira wenyewe. Katika banka la kando ya grini mambo hugeuka. Fimbo haiugusi mpira hata kidogo, bali hupita chini yake, na mchanga unaoruka ndio unaoubeba mpira hadi nje. Mama anayegeuza chapati huelewa jambo hili upesi, kwani hupenyeza kijiko chini ya chapati na kuiinua bila kuitoboa.

Fimbo ya kazi hii

Fimbo inayofaa ni ile iitwayo sendi weji. Uso wake umelala kwa nyuzi 56 hivi, na tumbo lake la chini ni nene na la mviringo ili liteleze mchangani badala ya kuzama kama jembe. Aliyeipatia fimbo hii umaarufu ni Mmarekani Gene Sarazen, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia aliyeanza kama kedi. Sarazen alibandika madini ya risasi chini ya fimbo yake hadi ikawa na tumbo, akaenda nayo Uingereza mwaka wa 1932 na kushinda mashindano ya Open.

Hatua kwa hatua

Maelezo haya ni ya mchezaji anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze pande.

Kwanza, fungua uso wa fimbo utazame juu, kisha ndipo ushike mpini. Ukishika kwanza na kugeuza viganja baadaye, uso utajifunga wenyewe wakati wa kupiga.

Pili, simama miguu na mabega vikielekea kushoto kidogo mwa shimo la bendera. Zungusha nyayo zako mchangani hadi zizame kiasi. Hilo halikatazwi, tena litakuzuia kuteleza na kukujulisha kama mchanga ni mwingi au ni haba.

Tatu, mpira uwe mbele, karibu na usawa wa kisigino cha kushoto. Uzito wa mwili uegemee mguu wa kushoto na ubaki hapo hadi mwisho.

Nne, usiutazame mpira. Tazama mchanga ulio kama sentimita tano nyuma yake, na uingize fimbo hapo.

Tano, usisimamishe mikono mara fimbo iingiapo mchangani. Hili ndilo kosa la wengi. Kwa kuwa grini iko karibu, mchezaji huogopa kupiga kwa nguvu, fimbo ikakwama na mpira ukabaki palepale. Mchanga hula nguvu nyingi, kwa hivyo bembea zaidi ya maradufu ya vile ungebembea kwenye nyasi kwa umbali huohuo, na umalize mikono ikiwa juu. Wala usijaribu kuuchota mpira ili kuusaidia kupanda. Kazi hiyo ni ya mchanga.

Mchanga haufanani

Mpira ukiwa umezama nusu, usiufungue uso wa fimbo. Uache mraba, upige kwa kushuka na ukaze mikono. Mpira utatoka chini chini na kubingirika sana, basi uache nafasi ya kutosha.

Msimu wa mvua, mchanga uliolowa huwa mgumu na fimbo hudunda juu yake. Hapo punguza kuufungua uso na uingie karibu zaidi na mpira. Na ukiwa katika banka lililo mbali na grini, sheria ya kedi wangu haitumiki. Huko inakupasa kuugonga mpira kwanza kabla ya mchanga, kwa fimbo ambayo uso wake umelala vya kutosha kuuvusha juu ya ukingo.

Mazoezi yake ni rahisi. Katika banka la mazoezi, chora mstari mchangani na ubembee mara ishirini bila mpira, ukihakikisha kila mara fimbo inaingia penye mstari. Ukishaweza hivyo, weka mpira sentimita tano mbele ya mstari na ubembee vilevile. Na mwanafunzi asikate tamaa kwa kukosa seti nzima ya fimbo. Seve Ballesteros wa Uhispania alijifunza utotoni akiwa na fimbo moja tu, ya chuma nambari tatu, akipiga vijiwe na mipira kwenye ufuo wa bahari kijijini Pedreña. Mwaka wa 1978 alikuja kwetu na kushinda Kenya Open, na mwaka uliofuata akatwaa Open ya Uingereza.

Sheria na dhamiri

Kabla ya kupiga, ni marufuku kuipima hali ya mchanga kwa mkono au fimbo, kuigusisha fimbo mchangani mbele au nyuma ya mpira, au kuugusa mchanga unapobembea kwa majaribio au unaporudisha fimbo nyuma. Ukifanya hivyo katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, unaongezewa mikwaju miwili. Tangu mwaka wa 2019 unaruhusiwa kuondoa majani na vijiti vilivyolegea, na ukishindwa kabisa unaweza kuutoa mpira nje ya banka kwa adhabu ya mikwaju miwili. Ukimaliza, chukua reki usawazishe mchanga kwa ajili ya ajaye nyuma yako.

Adhabu hiyo si mzaha. Mwaka wa 2010, Mmarekani Dustin Johnson alifika shimo la mwisho la mashindano ya PGA huko Whistling Straits akiongoza. Mpira wake ulikuwa mahali palipokanyagwa na watazamaji, asitambue kuwa ni banka, akaigusisha fimbo chini. Aliongezewa mikwaju miwili, na nafasi ya kucheza mchujo wa ubingwa ikampotea.

Hapo kulikuwa na maafisa na kamera. Lakini mimi na wewe, mabanka yetu hayana kamera. Siku ile nilipotoka vichakani na kuutumbukiza mpira shimoni, nilitoa kalamu nikaandika saba kwenye kadi. Kedi alitazama pembeni. Binti yangu hakutazama pembeni. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba, ni nane. Nimehesabu."

Nilitaka kumwambia kuwa watoto hawaingilii mambo ya wakubwa. Nashukuru ulimi ulinizuia. Nilifuta saba, nikaandika nane, nikamwambia asante mbele ya kedi.

Tangu siku hiyo yeye pia hucheza, na kadi yake huiandika mwenyewe. Juzi alipiga mikwaju minne katika banka moja, akatoka na machozi machoni, na kwenye kadi nikaona yote minne imeandikwa.

Mzazi mwenzangu, ukimpeleka mtoto uwanjani, mfundishe kutoka mchangani. Lakini kwanza ahakikishe umemwonyesha namna ya kuhesabu.