Sakania: eshapema ya gari la turbo haichaguliwi kwa mlio

Agosti 2024, Zambia ilipofunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kufuatia ugomvi juu ya vinywaji na bia ambavyo Kongo ilikuwa imezuia kuingia, malori yalisimama katika foleni. Siku chache baadaye mipaka ilifunguliwa na habari ikasahauliwa. Lakini foleni zenyewe hazikuisha. Kwa mashofere wanaobeba shaba, kobalti, asidi na mazuti kati ya Katanga na Copperbelt, kusimama mpakani ni sehemu ya kazi. Wanapika kando ya gari, wanalala ndani ya kabini, na mara nyingi moteri inabaki inanguruma usiku kucha.

Hapo ndipo bomba la moshi linapokuwa jambo la uhai. Katika garaje za Lubumbashi, Kasumbalesa na Sakania, piesi ambayo watu wanaiita eshapema inahesabiwa kuwa kitu kidogo. Ikitoboka, inachomelewa kiraka. Ikianguka, inawekwa yoyote iliyo karibu. Na kijana aliyenunua gari la turbo kutoka Japani anataka bomba pana linalopiga kelele, ili mtaa mzima ujue kwamba amepita. Wote hao wanakosea jambo moja: kwenye gari la turbo, eshapema si mkia wa moteri. Ni sehemu ya moteri.

Turbo inaishi kwa moshi

Sababu yake ni rahisi kueleza. Turbo haizungushwi na mkanda. Inazungushwa na moshi wenyewe unaotoka katika silinda. Moshi huo unapita katika kolekteri, unagonga mabawa ya gurudumu la kwanza, na gurudumu la pili lililo kwenye mhimili huohuo linasukuma hewa safi kuingia katika moteri. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Moshi wa dizeli yenye mzigo mzito unafika digrii 700 na zaidi, na ule wa petroli unaweza kukaribia 1,000.

Kwa hiyo kuna pande mbili, na kila upande una sheria yake. Kabla ya turbo, moshi unatakiwa kubaki na joto na mbio zake, bila kuvuja hata kidogo. Baada ya turbo, moshi unatakiwa kutoka haraka bila kuzuiwa. Fundi asiyetofautisha pande hizi mbili anaweza kutumia pesa nyingi za mteja na bado akaliharibu gari.

Tundu dogo kwenye kolekteri, kabla ya turbo, linaiba nguvu. Turbo inachelewa kuamka, hewa inapungua, lakini mazuti yanaendelea kuingia. Moshi mweusi unatoka, joto linapanda, na shofere anakanyaga zaidi ili apande mlima. Mwisho wake anaambiwa kwamba turbo imekufa. Ananunua turbo ya okazioni, inawekwa juu ya kolekteri ileile yenye ufa, na baada ya muda mfupi hadithi inarudi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika garaje, ukuta huo ni bei ya turbo ya pili.

Kiraka pia kina hatari yake. Anayechomelea kolekteri bila kuifungua na kuisafisha anaacha ndani vipande vya chuma kilichoyeyuka. Kipande kidogo kama punje ya mchele, kikivutwa hadi kwenye mabawa yanayozunguka kwa mbio hizo, kinayavunja. Kuifungua kolekteri, kuisafisha na kubadili gasketi kunachukua saa chache zaidi. Mteja anapaswa kuzidai saa hizo, na fundi anapaswa kuzilipisha bila aibu.

Upana na kona

Swali linalosikika zaidi ni la upana. Jipu la turbo la dizeli, kama Land Cruiser au Prado, linapumua vizuri kwa bomba la inchi 3, karibu milimita 76, kutoka kwenye turbo hadi nyuma. Kuweka la inchi 4 hakuleti nguvu inayoonekana. Kunaleta kelele, uzito, na bomba linalogonga mawe kwenye barabara za udongo. Lori kubwa linahitaji bomba pana zaidi, na kipimo bora ni kile cha kiwanda chake.

Land Cruiser 79 yenye moteri ya 1HZ inastahili neno lake, kwa sababu iko kila mahali migodini. Moteri hiyo ya lita 4.2 ilitoka kiwandani bila turbo. Wapo wanaoiongezea turbo na kuacha bomba lake jembamba la zamani. Hapo moshi unakwama nyuma ya turbo, joto linarudi katika silinda, na moteri iliyosifiwa kwa uvumilivu inaanza kupasua kichwa. Anayeongeza turbo aongeze na bomba, na aweke kipimo cha joto la moshi mahali ambapo shofere atakiona. Asiyeweza kulipa vyote aiache 1HZ kama ilivyozaliwa.

Kona zina uzito kuliko upana. Bomba la inchi 3 lililokunjwa kwa mashine mbaya linabanwa kwenye kila kona, na mahali palipobanwa ndipo kipimo chake cha kweli. Mnunuzi hahitaji elimu kubwa. Apitishe mkono kwenye kona. Akikuta mikunjo na ubapa, ajue analipia inchi 3 na kupata pungufu.

Magari madogo ya petroli yenye turbo, kama Subaru zinazopendwa na vijana, yana mtego mwingine. Turbo hizo zina mlango mdogo unaofunguka kupunguza presha. Bomba likifunguliwa sana, moshi unakuwa mwingi kuliko mlango huo unavyoweza kupitisha, na presha inapanda kupita kipimo. Kijana anafurahia mbio kwa wiki chache, kisha pistoni inatoboka. Bomba kubwa bila kupanga upya kompyuta ya gari na bila kupima presha ni kamari.

Chuma gani?

Muuzaji atasema yote ni inoksi. Si yote. Chuma cha kawaida kinakula kutu upesi, hasa msimu wa mvua. Chuma kilichopakwa alumini kinadumu zaidi na bei yake si kali. Inoksi ya 409 ni nzuri kwa eshapema, na ya 304 inashinda kutu zaidi lakini ni ghali. Sumaku inasaidia kidogo: inanasa 409, na kwa kawaida hainasi 304. Lakini ziko inoksi za bei ya chini ambazo nazo hazinasi, kwa hiyo sumaku peke yake si hakimu. Atazame pia unene wa ukuta wa bomba na usafi wa mshono wake.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba chuma kikipata moto kinarefuka. Bomba la mita moja likipanda digrii 500 linaongezeka milimita 6 hadi 9. Viwanda vinaweka kipande kinachopindika, fleksibo, ili urefu huo upate pa kwenda. Katika garaje nyingi fleksibo ikichoka inatolewa na bomba kavu linachomelewa mahali pake. Kuanzia siku hiyo, kila mtikisiko unabebwa na kolekteri na boliti za turbo. Ufa unaorudi kila baada ya miezi michache mara nyingi umezaliwa hapo.

Breki iliyofichwa na katalizere iliyouzwa

Malori mengi yana kifuniko ndani ya eshapema, baada ya turbo, kinachojifunga ili moteri isaidie kupunguza mwendo kwenye mteremko. Ni breki. Kinapokwama au kuvuja, kuna wanaokitoa na kuweka bomba tupu, na mwenye gari anashangilia kwamba gari limekuwa jepesi. Lori lenye tani 30 za shaba likishuka mlima bila breki hiyo, kazi yote inabaki kwa breki za magurudumu. Zikipata moto, zinaacha kushika. Bomba la bei nafuu lisilo na mahali pa kifuniko hicho halifai kwa lori kama hilo, hata kama linatolewa bure.

Jambo la pili ni katalizere. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani, na ndiyo maana kuna wanaoitafuta. Mwenye gari anaambiwa kwamba inazuia nguvu, inatolewa, anapewa punguzo dogo, na kipande chenye thamani kinabaki kwa mwingine. Wakaaji wa jimbo linalolalamika kila siku kwamba madini yake yanaondoka kwa bei ya kutupa wangepaswa kuutambua mchezo huu mapema. Katalizere iliyoziba kweli inaweza kupimwa presha. Mteja aombe kipimo hicho kabla ya kukubali ikatwe, na ikitolewa, iwe mali yake.

Kwa upande wa dizeli kuna ukweli wa kukubali. Vichujio vya masizi vya magari mapya ya Ulaya vinahitaji mazuti yenye salfa kidogo. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana kiwango cha sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na swali la ubora wa mafuta linapaswa kuwa mezani. Mtu anayenunua mazuti ya vidumu kando ya barabara kisha anashangaa kichujio kuziba hana wa kumlaumu garajeni.

Wanaovuta moshi

Watasema haya ni maneno ya wenye pesa. Shofere hana gari, gari ni la patroni; patroni anahesabu safari, na eshapema yenye tundu haijasimamisha safari. Hoja hiyo ina uzito. Mtu anayelipwa kwa safari hawezi kukaa siku mbili garajeni akisubiri fleksibo.

Lakini hesabu hiyo inaacha watu nje. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mama anayeuza bukari na samaki kando ya foleni anauvuta kutwa, na mtoto mgongoni mwake pia. Na katika malori yenye kabini juu ya moteri, turbo iko chini ya kitanda cha shofere. Moshi unaovuja pale unapanda ndani. Humo mna gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Magari ya petroli yanaitoa kwa wingi zaidi, lakini dizeli haina kinga. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anadhani ni uchovu wa safari, analala. Wengine duniani wamelala hivyo na hawakuamka.

Kwa sababu hiyo, eshapema haiwezi kuachwa iwe siri kati ya shofere na fundi wake. Patroni anayeandika gharama za matairi na mazuti aandike pia kolekteri, gasketi na fleksibo, na ampe shofere haki ya kukataa kulala katika gari linalovuja. OCC, ofisi ya serikali iliyoundwa mwaka 1974 kukagua bidhaa, iangalie piesi zinazoingia kwa jina la inoksi kama inavyoangalia unga na mafuta ya kula. Kontrole teknike ya magari iwe ya kutazama chini ya gari, si ya kugonga muhuri. Na polisi ya barabara, ikisimamisha lori kwa sababu ya moshi mweusi, ilirudishe garajeni badala ya kumaliza mambo dirishani.

Bila kungoja wakubwa, kila shofere anaweza kuanza asubuhi moteri ikiwa baridi. Aiwashe, awe na msaidizi wa kuziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, asikilize chini. Palipo na mlio wa kufoka pana tundu. Atafute masizi meusi kwenye viungo vya kolekteri na turbo. Dakika tano zinatosha, na hazilipiwi.

Reli ilifika Sakania mwaka 1909, na tangu hapo mji huu umeishi kwa vitu vinavyopita. Shaba inapita, mazuti yanapita, magari yanapita. Moshi ndio unaobaki, juu ya nyumba, juu ya vibanda, ndani ya kabini. Anayechagua bomba la moshi leo anamchagulia pia jirani hewa atakayovuta usiku katika foleni. Aanze kwa kuuliza kama linavuja, ndipo aulize linaliaje.