Taa ya Sh50 isikufanye ununue paneli ya Sh18,000

Mjomba wangu ana van ya Kijapani ya viti vinane, zile za mlango wa kusukuma. Hubeba watu wa harusi, wa matanga, na wageni wanaoshuka JKIA usiku. Mwezi uliopita abiria wawili, siku tofauti, walimlalamikia jambo lile lile: AC ya nyuma imekufa. Walifinya vitufe vilivyo kwenye dari, hakuna taa iliyowaka, wakaamua kufungua madirisha. Mmoja akataka apunguziwe nauli.

Mjomba akapeleka gari gereji. Akaambiwa paneli ya nyuma imekwisha, inunuliwe nyingine nzima. Ya mitumba, pamoja na kufungwa, Sh18,000. Hakuna aliyeifungua hiyo paneli. Waliitazama tu kwa macho, bei ikatoka.

Akanipigia simu. Mimi si mekanika. Nilisomea umeme chuoni, karo ikanilemea mwaka wa pili, nikarudi mtaani. Lakini nilimuuliza swali moja: "Mjomba, ukifinya kitufe, upepo wa baridi unatoka?"

Akanyamaza kidogo, akaenda kuweka mkono. Ulikuwa unatoka, tena baridi sawasawa. Basi AC haikuwa imekufa. Kilichokuwa kimekufa ni taa za kuonyesha kwamba imewaka.

Wacha nieleze, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupigwa. Kwenye paneli kama ile kuna taa za aina mbili. Kuna zile za kumulika maandishi usiku, ambazo huwaka ukiwasha taa ndogo za gari. Halafu kuna zile za kuonyesha, ambazo huwaka ukifinya kitufe, ujue kama AC iko on au off. Kwa gari nyingi za zamani kidogo, hizi ni balbu ndogo zenye uzi ndani, kubwa kama punje ya mahindi. Huo uzi hukatika siku moja, kama balbu yoyote. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka minane, kwa hivyo gari nyingi hufika kwetu zikiwa na miaka kama saba. Zikikaa hapa miaka mingine kumi, kwani ni ajabu balbu ikifa?

Tukaenda Kirinyaga Road, kule wazee bado wanakuita Grogan. Kuna kijana tulisoma naye, hufanya kazi za umeme wa gari kando ya barabara, chini ya mwavuli. Nikamkalisha mjomba kwenye kigoda, kijana akaanza kazi.

Kwanza aliwasha taa ndogo za gari. Maandishi yakamulika upande mmoja, upande mwingine giza. Akasema fyuzi ni nzima, maana fyuzi ikiungua zote huzima pamoja. Akazima gari, akatoa waya wa negative wa betri, akasubiri dakika kadhaa. Nikamuuliza kwa nini anasubiri. Akasema van nyingine zina airbag zilizofichwa pembeni mwa dari, na hataki kuchezea plastiki za huko zikiwa na stima. Soketi zake mara nyingi huwa za manjano. Ukiziona, usiziguse.

Akabandika tepe kandokando ya paneli isikwaruzwe, akaichomoa polepole kwa kipande cha plastiki, si bisibisi ya chuma. Akafinya kishikizo cha soketi, waya zikaachia. Nyuma ya paneli kulikuwa na vikopo vidogo vya plastiki. Kila kimoja ukikizungusha robo mzunguko kinatoka na balbu yake. Tatu zilikuwa zimekuwa nyeusi ndani. Akazipima kwa mita, kimya. Akatuma mtu dukani na balbu moja kama sampuli. Tatu mpya, Sh50 kila moja.

Nikamuuliza, si ungeweka LED? Akacheka. Akasema inawezekana, lakini lazima iwe imetengenezewa stima ya gari, ambayo hufika kama volti 14 injini ikinguruma. LED tupu ukiiunga hapo bila rezista, inaungua papo hapo. Pia LED ina upande wake: ukiiweka kinyume haiwaki, unaitoa na kuigeuza. Na usiweke balbu yenye wati kubwa kuliko ya kwanza eti iangaze zaidi, itayeyusha plastiki.

Kabla ya kurudisha paneli darini, aliunga soketi na betri, akajaribu kila kitufe. Vyote vikawaka. Ndipo akaifunga. Dakika 40 hivi.

Sasa sikiza kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya niandike. Mjomba akauliza ni pesa ngapi. Kijana akasema, "Mzee, balbu ni Sh150, kazi yangu Sh500." Mjomba akaruka. "Mia tano ya nini na balbu ni hamsini? Chukua mia mbili, kijana."

Huyu ni mtu aliyekuwa tayari kutoa Sh18,000 kwa watu ambao hawakufungua hata skrubu moja. Kwao angelipa bila maneno, kwa sababu angebeba kitu kikubwa mkononi. Lakini aliyejua tatizo liko wapi, aliyemwokolea zaidi ya Sh17,000, huyo akaonekana mwizi kwa kuitisha mia tano.

Si mjomba peke yake. Ndivyo tulivyo. Tunalipia spea, hatutaki kulipia akili. Fundi akibadilisha kitu kizima tunasema amefanya kazi. Akitafuta kosa nusu saa na kurekebisha kwa balbu moja, tunasema hakufanya kitu. Halafu tunashangaa kwa nini gereji zinatuuzia vitu vizima! Kama njia pekee ya fundi kulipwa vizuri ni kukuuzia paneli, atakuuzia paneli. Na kijana anayejifunza kazi pale ataona kwamba mita haina faida, kufungua hakuna faida, faida ni kubashiri na kuagiza spea. Baada ya miaka mitano tutakuwa na mafundi wa kubadilisha tu, hakuna wa kutengeneza.

Kwa wenye magari ninaomba mambo mawili. Moja, ukiambiwa kitu kimeharibika, omba ufunguliwe ukione, na ukibadilishiwa, dai kile cha zamani. Mbili, fundi akikutajia pesa ya kazi kando na ya spea, usimchukulie kama mkora. Huyo ndiye anayekuambia ukweli. Bei ikikulemea sema mapema, kabla hajashika bisibisi, si baada ya taa kuwaka.

Kwa vijana wenzangu mnaofanya kazi kando ya barabara, nanyi mna sehemu yenu. Taja bei kabla ya kuanza. Iandike, hata kwa WhatsApp: spea hivi, kazi hivi. Mwonyeshe mteja balbu iliyoungua, mwonyeshe mita inasema nini. Mteja akiona kazi, ni vigumu kuidharau. Na kama una ujuzi bila cheti, NITA wana mitihani ya ufundi inayoanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na si lazima uwe umemaliza chuo. Nasema hivi nikijiambia mwenyewe pia, maana tangu niache chuo nimekuwa nikijiona sina ninachojua. Siku ile nilijua swali moja tu la kumuuliza mjomba, likaokoa pesa ya kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Kijana wa watu alipokea Sh350, balbu ndani yake, akasema asante mzee. Hakubishana. Ana wateja kama hao kila siku. Tulipofika kwenye mataa nikamtumia Sh300 zilizobaki kwa M-Pesa, mjomba akaiona simu yangu.

"Umemtumia nani?"

"Fundi. Zile ulizompunguzia."

Hakusema kitu hadi tukafika Ngara. Hapo akaninyooshea noti ya mia tano, akasema nisimwambie shangazi.