Nemo hahitaji anemoni wako

Najua nimepotea kidogo, majukumu. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Juzi nilipita Mbalizi kumwona jamaa yangu. Sebuleni ameweka tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe na samaki wawili wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, wale ambao dunia nzima inawaita Nemo tangu ile filamu ya mwaka 2003. Limependeza, siwezi kubisha. Nje baridi ya Mbalizi, ndani bahari! Tatizo likaja aliponiambia kwa furaha kuwa kuna mtu Dar anamtafutia anemoni. "Samaki wangu hawana nyumba," akasema. "Nawaonea huruma."

Huruma? Jamani, hebu tuwe wakweli.

Anemoni si ua, ni mnyama. Minyiri yake ina sumu, na Nemo hukaa humo bila kudhurika kwa sababu ya ute unaomfunika mwili. Baharini asipokuwa na anemoni huliwa mapema, ndiyo maana haendi mbali naye. Sasa niambieni, sebuleni Mbalizi nani anataka kumla? Samaki hawa waliozalishwa kwenye matangi huishi miaka, hutaga na kulinda mayai yao bila kumwona anemoni hata siku moja. Kwa hiyo nyumba hiyo si ya samaki. Ni ya macho yetu na ya wageni wetu.

Na nani atalipa? Kwanza matumbawe. Anemoni hutembea. Asiporidhika na mwanga au mkondo wa maji huhama, akichoma matumbawe anayoyagusa. Akinaswa na pampu anasagwa, na akioza kwenye maji kidogo vile anaweza kuua tangi zima. Pili, anemoni mwenyewe. Mwilini mwake mna chembe za mwani zinazomlisha kwa nguvu ya mwanga, kama ilivyo kwa matumbawe. Anataka taa kali kila siku, joto la nyuzi 25 hivi, na chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita isiyoyumba. Umeme ukikatika usiku wa Julai huku kwetu, hata sisi wenye mablanketi tunatetemeka!

Jamaa akanijibu: "Mmoja tu ndugu yangu, bahari ni kubwa. Mbona watu wamepiga baruti miaka yote?"

Hapo ndipo aliponikera. Yaani jirani kachomewa nyumba, basi nami niruhusiwe kumwibia mlango? Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika ukanda wetu wa Bahari ya Hindi, na anemoni nao hupauka maji yakizidi joto. Mwamba uliojeruhiwa hivyo ndio tunaouendea na patasi?

Halafu "mmoja" huyo si mmoja. Anemoni anaweza kuishi miongo mingi, akihifadhi ukoo mzima: jike, dume lake na wadogo wanaosubiri zamu. Ndiyo, zamu. Jike akifa, dume hugeuka jike, na mdogo anayefuata hupanda cheo kuwa dume. Ukimng'oa anemoni umeubomolea ukoo huo paa. Umempa nyumba samaki asiyeihitaji kwa kumnyang'anya anayeihitaji. Hiyo ndiyo huruma?

Kinachoniacha hoi ni kwamba ile filamu inahusu samaki aliyechukuliwa mwambani akafungiwa kwenye tangi la daktari wa meno kule Sydney. Tuliitazama, tukafuta machozi, kisha watu wakaenda kununua tangi!

Sisemi watu wasifuge. Fuga samaki waliozalishwa, uliza wametoka wapi kabla ya kulipa, na kama roho inakuuma kuhusu nyumba, wazalishaji wengi huwawekea chungu cha udongo kisichopakwa rangi, na hutaga humo humo. Chungu, ndugu zangu! Mkoa wetu una Wakisi wa Matema, mafinyanzi wa kutajwa, halafu sisi tunaagiza mnyama hai kutoka zaidi ya kilomita 800 aje kufa sebuleni.

Jamaa yangu hajaamua bado. Nimemwachia swali moja, nanyi nawaachia: tukisema tunampenda samaki, tunampenda yeye au tunapenda kutazamwa tukiwa naye?

Nawasilisha.